Dogo anabadilishwa nyonga, wameagiza eksirei irudiwe na mpira wa chuma. Hii mipango ya kabla ya oparesheni ikoje siku hizi?

Mwana wa Tandika:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa mambo ya mifupa, na kama kuna aliyepitia hii kitu au ana mtu wake kapitia asipite kimya tafadhali.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, ana selimundu (sickle cell) tangu utotoni. Nyonga ya kushoto ilianza kumsumbua akiwa sekondari, sisi tukawa tunajua ni yale maumivu yake ya siku zote, anapewa dawa anatulia. Ila miaka ya karibuni akawa anachechemea kabisa, kuchuchumaa hawezi, kamba za viatu mpaka afungiwe. Alipopigwa MRI wakasema kichwa cha mfupa wa paja kilikosa damu kikafa na sasa kimeshabonyea, kwa hiyo daktari bingwa kasema hapo dawa haitibu tena, ni kubadilisha nyonga nzima.

Sasa kasheshe imeanzia hapo. Tulienda na eksirei yetu nzuri tu tumeilipia hospitali binafsi, daktari akaiangalia akasema ya kujua ugonjwa inatosha ila ya kupangia oparesheni haifai, irudiwe ikiwa na mpira wa chuma pembeni ya nyonga. Baada ya hiyo akataka na siti skani. Baba mdogo yuko Mwanza aliposikia akaja juu kwamba hao wanatafuta hela, enzi zao mtu anapigwa picha moja anaingia chumba cha upasuaji. Binamu naye kaleta broshua ya hospitali moja ya India eti wana roboti, haikosei hata milimita, kwa hiyo kikao cha ukoo kimegawanyika, wengine wanasema tuchange aende huko wengine wanasema afanyiwe hapa hapa.

Naomba kujua huo mpira wa chuma ni wa nini hasa, na siti skani ni ya lazima au ni ya kutukamua. Roboti je? Halafu mguu wake wa kushoto ni mfupi kama vidole viwili hivi, daktari hakuahidi kwamba utalingana na mwenzake, akasema tu "tutapanga". Kanitisha zaidi pale aliposema vifaa vya saizi ndogo itabidi viagizwe kabla hajampa tarehe. Nawasilisha.

Kibajaji:

Pole sana mkuu na Mungu amjalie dogo. Ngoja waje wenye fani, mi nimekaa hapa nasoma maana mama mkwe naye goti linamsumbua.

Fundi Mionzi:

Mkuu huyo daktari wako yuko sahihi na mimi nampa maua yake, maana wengi wanapokea picha yoyote wanakadiria kwa macho. Mimi napiga eksirei ndiyo kazi yangu kwa hiyo nitaongelea upande wangu tu.

Eksirei ni kivuli. Ukiweka mkono karibu na taa kivuli ukutani kinakuwa kikubwa, ukiusogeza ukutani kinapungua, na nyonga ni hivyo hivyo, ipo ndani ya mwili, haijagusa sahani ya picha, kwa hiyo siku zote inatoka kubwa kuliko ilivyo. Kubwa kiasi gani inategemea umbo la mtu. Mnene nyonga yake iko juu zaidi kutoka kwenye sahani kwa hiyo inakuzwa zaidi, mwembamba inakuzwa kidogo. Zamani tulipokuwa na filamu zile za kuchapa, kampuni za viungo bandia zilikuwa zinaleta karatasi za plastiki angavu zimechorwa kila saizi ya kiungo, zimeshakuzwa tayari asilimia 15 au 20, daktari anaziweka juu ya filamu kwenye boksi la taa anahamisha hamisha mpaka anapata inayokaa. Zilikuwa zinachukulia kwamba watu wote wana ukubwa mmoja basi. Filamu zilipoondoka picha ikawa kwenye kompyuta, hapo zile plastiki zikawa hazina maana kabisa kwa sababu kwenye skrini unaweza kukuza au kupunguza picha unavyotaka, kipimo cha uhakika hakuna.

Ndipo mpira unapoingia. Ule wetu una kipenyo cha milimita 25, inajulikana. Picha ikitoka programu inaupima, kama unaonekana milimita 30 basi picha imekuzwa kwa asilimia 20 na kila kitu kinarudishwa kwa hesabu hiyo, shimo la ndani la mfupa linaloonekana milimita 12 kumbe ni 10. Kwa mtu wa kawaida tofauti ya milimita moja mbili unaweza kusema si kitu. Kwa mtu mwenye selimundu ndiyo tofauti ya kifaa kuingia au mfupa kupasuka, ila hapo namwachia daktari.

Shida ni kwamba mpira wenyewe lazima ukae kimo kile kile cha nyonga kutoka mezani. Mtu akiuweka chini mezani kwa uvivu, uko karibu na sahani, unakuzwa kidogo kuliko nyonga, kompyuta inadhani picha haikukuzwa sana basi inasoma mfupa ni mkubwa kuliko ulivyo na daktari anaagiza kifaa kikubwa. Akiuweka juu ya tumbo inakuwa kinyume chake. Unatakiwa ukae pembeni ya paja usawa wa lile fundo la mfupa unalolishika ukiweka mkono kiunoni kwa chini, au katikati ya mapaja, na hapo katikati ya mapaja watu wanaona aibu hata mpigaji mwenyewe anaona aibu kwa hiyo unawekwa popote. Nimeona sehemu wanatumia sarafu badala ya mpira, inafanya kazi kiasi chake, ila sarafu ikilala upande inaonekana kama kijiti na kipimo kinapotea wakati mpira hata ukigeuka ni duara tu.

Kitu kingine mwambie dogo avumilie pale watakapomgeuza miguu vidole vielekee ndani kidogo, kama nyuzi 15 hivi. Shingo ya mfupa wa paja imeelekea mbele kidogo, ukipiga mguu umelala nje shingo inaonekana fupi na daktari anapanga kwa shingo ya uongo. Wengi wenye nyonga zilizokufa hawawezi kugeuza, kama hawezi asilazimishwe mpaka apige kelele, kuna namna nyingine, mara nyingi ule upande mzima ndio unatumika kupimia.

Mwana wa Tandika:

Fundi Mionzi ubarikiwe sana yaani nimesoma mara mbili. Mbona hawakutuelezea hivyo pale, dakika tano tu wangetuelezea kusingekuwa na ugomvi. Picha ya kwanza mguu ulilala nje kabisa na hakukuwa na mpira wala sarafu.

Nyundo na Patasi:

Niko mwaka wa mwisho wa ubingwa wa mifupa, siwezi kusema lolote kuhusu dogo wako kama mgonjwa maana sijamwona, ila naweza kukueleza wanachofikiria wakisema "tutapanga".

Kuna vipande viwili vikubwa. Kimoja ni kikombe kinachokaa kwenye nyonga, kingine ni shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja, juu yake kinapachikwa kichwa cha duara. Kupanga ni kuamua kabla hujashika kisu: kikombe saizi gani na kikae wapi, shina saizi gani, shingo ikatwe usawa upi, na ukishaweka vyote mguu utakuwa na urefu gani na paja litakaa umbali gani kutoka katikati ya nyonga. Huo umbali tunauita ofseti, watu wanausahau lakini ukipungua misuli ya makalio inalegea, mgonjwa anaendelea kuchechemea na nyonga ni rahisi kuchomoka hata kama urefu wa mguu uko sawasawa. John Charnley wa pale Wrightington, Uingereza, ndiye aliyetupa nyonga ya kisasa mwaka 1962, kichwa cha chuma kidogo kinazunguka kwenye kikombe cha plastiki ngumu na vyote vimeshikwa na saruji ya mifupa, na alishafeli kwanza na plastiki ya Teflon iliyokuwa inalika haraka. Tangu enzi zake watu walikuwa wanapanga kwa penseli na hizo plastiki alizosema Fundi. Kwa hiyo kupanga si kitu kipya, vifaa vya kupangia ndivyo vimebadilika. Baba mdogo mwambie hata enzi zao picha ilikuwa inachorwa, ila hakuwa chumbani akaona.

Kwenye selimundu mambo ni tofauti na mzee wa miaka 70 aliyelika nyonga. Mfupa wa paja wa mgonjwa wa selimundu mara nyingi umekufa sehemu sehemu na kupona vibaya, shimo la ndani linakuwa jembamba, mahali pengine limeziba kabisa kwa mfupa mgumu kama jiwe, wakati sehemu jirani ni laini. Ukiingia na vifaa vya kawaida ukapiga nyundo, ncha inafuata sehemu laini inatoboa pembeni au mfupa unapasuka kwa urefu. Eksirei ya mbele inakuonesha upana mmoja tu, siti skani inakukatia mfupa vipande vipande kama mkate wa boflo unaona shimo liko wapi na limeziba kuanzia wapi. Kwa hiyo siti skani kwa dogo wako mimi ningeitaka, na kwa mzee mwenye mfupa wa kawaida nisingeitaka. Ndiyo maana pia vifaa vidogo vinaagizwa mapema, mashina membamba kabisa hayakai stoo kila hospitali, na vinoleo vyembamba vya kupanulia shimo la mfupa, vile vinavyopita juu ya waya, navyo ni hivyo hivyo. Daktari anayekataa kukupa tarehe mpaka vifaa vifike anakusaidia. Mbaya ni yule anayekupa tarehe halafu anafungua mguu ndio anauliza saizi ndogo ipo?

Sasa kuna upande wa mpango ambao hauna picha wala kompyuta na kwa hawa wagonjwa ndio unaua. Damu. Kabla ya oparesheni kubwa huwa tunaongeza damu mpaka hemoglobini ifike karibu 10, ilishathibitika kwamba wakiongezewa kabla matatizo yanapungua sana hasa ya kifua. Na damu yenyewe ni ya kutafuta mapema kwa sababu walioongezewa mara nyingi utotoni wanakuwa na kinga zinazokataa damu za watu wengine, kupata chupa inayokubaliana inaweza kuchukua muda mrefu kuliko kiungo chenyewe kufika. Humo weka na meno mabovu, vidonda vya miguuni, usaha wa zamani kwenye mfupa, vyote vitafutwe na kutibiwa kwanza maana bakteria wakikaa kwenye chuma hawatoki kwa dawa peke yake. Siku yenyewe asikae na njaa na kiu masaa mengi bila dripu, na chumba kisiwe baridi kama friji. Muulizeni daktari wa damu na yule wa usingizi wameshakaa kikao na daktari wa mifupa? Hilo swali lina uzito kuliko la roboti.

Roboti nitarudi, naitwa wodini.

Mie wa Muscat:

Assalam aleikum. Ndugu yangu pole, Mola amponye mdogo wako. Mie niko Oman huku, mama yangu alifanyiwa goti kwa hiyo roboti. Siti skani kwanza ya mguu wote, halafu daktari akatuonesha goti la mama kwenye kompyuta, la kwake hasa, analigeuza huku na huku, anasema hapa nitakata hivi hapa hivi. Wallahi tulifurahi. Mama anatembea sasa mpaka sokoni Matrah. Lakini jirani yetu, goti hilo hilo, umri huo huo, alifanyiwa kwa mkono bila ya roboti na daktari mwengine na yeye yuko vilevile, wanasindikizana. Kwa hivyo mie sijui niseme nini. Ninachojua mama alichelewa kwa sukari, walimpima kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu wakakataa kumkata mpaka ishuke, akawa anatulaumu sisi kwa nini tunamnyima halua.

Mjasiri Nje Nje:

Mkuu acha kupoteza muda, nenda India. Roboti ni mashine haina hangover haina mgomo. Huku kwetu utaambiwa umeme umekatika katikati ya oparesheni.

Nyundo na Patasi:

Mjasiri, theatre za oparesheni kubwa zina jenereta, tusitishane.

Haya roboti. Ya kwanza kutumika kwa nyonga ya mtu ilikuwa ROBODOC, mwaka 1992 huko Sacramento, California. Hiyo ilikuwa inachonga shimo la paja yenyewe kwa mpango uliotoka kwenye siti skani. Za siku hizi kama Mako, ambayo kampuni ya Stryker waliinunua mwaka 2013, hazichongi zenyewe, daktari ndiye anashika mkono wa mashine, ila akitaka kutoka nje ya mpaka uliochorwa kwenye mpango mkono unagoma. Kwa hiyo roboti haina akili ya kuamua, inatekeleza mpango. Mpango ukiwa mbovu itautekeleza ule ubovu kwa usahihi wa milimita. Hilo broshua haiandiki.

Faida ipo, sikatai. Ukipiga picha baadaye vikombe na mikato vinakaa karibu zaidi na pale palipokusudiwa kuliko kwa mkono. Lakini ukiuliza mgonjwa anatembea vizuri zaidi, kiungo kinadumu zaidi? Hapo ubishi haujaisha, tofauti ni ndogo mno kiasi kwamba mikono ya daktari na wingi wa kesi anazofanya unaifunika. Kwa selimundu hasa, ile hatari ya mfupa wa paja kuziba roboti nyingi za nyonga hazikuondolei, shina bado linaingizwa kwa mikono na nyundo. Kama mnakwenda India nendeni kwa sababu mmepata daktari anayefanya nyonga za selimundu kila mara, huko nao wana wagonjwa wengi wa selimundu kwenye baadhi ya majimbo. Na hapa Tanzania nyonga zinabadilishwa, MOI wanafanya, KCMC wanafanya, uliza swali lile lile: selimundu amefanya wangapi.

Kilichobadilika kweli kwa maoni yangu kuliko mkono wa chuma ni viwili. Kwanza programu zenye akili mnemba, unaingiza siti skani inatenganisha mifupa yenyewe na kupendekeza saizi kwa dakika chache, kazi hiyo ilikuwa inakula masaa ya fundi. Bado daktari anakagua, na kwenye mifupa iliyoharibika hizo programu zinachanganyikiwa kwa sababu zimefundishwa zaidi kwa mifupa ya wazee wa kizungu. Pili ni kuangalia uti wa mgongo. Toka mwaka 1978 tulikuwa tunafuata kile alichoandika daktari mmoja wa mifupa, Lewinnek, kwamba kikombe kiinamie nyuzi 40 na kielekee mbele nyuzi 15, ukicheza kwa nyuzi 10 juu au chini uko salama. Baadaye ikaonekana nyonga zinachomoka hata zilizo ndani ya hizo namba, sababu ni kwamba ukikaa nyonga nzima inarudi nyuma na kikombe kinafunguka, kama mgongo umekakamaa hairudi. Wagonjwa wa selimundu pingili za mgongo nazo huwa zimebonyea. Kwa hiyo siku hizi tunaomba picha ya pembeni akiwa amesimama na nyingine amekaa. Haihitaji mashine mpya, ni eksirei zile zile mbili, na sijui kwa nini hatuzipigi zaidi. Wenye hela wana mashine za kupiga mwili mzima mtu amesimama kwa mionzi kidogo, zilitokana na kazi za Georges Charpak yule aliyepata Nobeli ya fizikia 1992.

Dem wa Nakuru:

Sasa wadau. Mimi ni wa Kenya na nilibadilishwa hip nikiwa na miaka 34, sio sickle cell, ilikuwa ajali ya matatu. Nataka tu kuongea juu ya hiyo story ya mguu kuwa fupi juu hakuna mtu ananiambianga ukweli kabla.

Kabla ya operesheni mguu yangu ilikuwa fupi. Baada ya operesheni nikasimama nikaona imekuwa REFU, nikalia nikasema wameniharibu, nikaanza kuambia kila mtu. Kumbe fizio akanipima na vibao, unakanyagia kibao chini ya mguu moja mpaka kiuno ikae level, akaniambia mifupa ziko almost sawa ni kiuno yangu ilikuwa imezoea kuinama kwa miaka, misuli imeshikana upande moja. Ilichukua miezi ya mazoezi ikanyooka. Sasa mwambie kijana apimwe hivyo na vibao KABLA, iandikwe, ndio baadaye msikosane na daktari bure. Na asikimbilie kuongezewa soli ya kiatu mapema, mimi nilikatazwa.

Mwana wa Tandika:

Dada wa Nakuru asante sana, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nyundo na Patasi, kwa hiyo vidole viwili vinarudi au havirudi? Na dogo ana miaka 27, hiki kiungo kitamfikisha wapi?

Nyundo na Patasi:

Dada wa Nakuru kasema kitu ambacho wengi wetu tunasahau kuwaeleza wagonjwa. Urefu wa mfupa na urefu unaouhisi ni vitu viwili. Kwenye picha unachora mstari kupita chini ya mifupa miwili ya kukalia, unaona kila paja liko juu au chini kiasi gani, hiyo ndiyo ya mfupa. Sehemu ya vidole viwili vya dogo ni kichwa kilichobonyea, hiyo inarudishwa. Sehemu nyingine inaweza kuwa paja limevutwa ndani na misuli iliyokaza, hiyo ni ya mazoezi. Kurefusha sana kwa mara moja kunavuta neva kubwa ya siatika na mtu anaweza kuamka hawezi kunyanyua nyayo, kwa hiyo daktari asiyeahidi kulingana kabisa ni mkweli. Na kuna wakati ndani ya chumba nyonga inalegea inataka kuchomoka, unaongeza milimita chache ili ishike, unachagua kati ya soli ya kiatu na nyonga inayochomoka.

Kudumu: hesabu zilizokusanywa kutoka kumbukumbu za kitaifa za Australia na Finland, zikatoka mwaka 2019, zilionesha kama nyonga 58 kati ya 100 zinafika miaka 25. Hizo ni nyonga za zamani kidogo na wengi ni wazee wa kulika viungo, plastiki za sasa ni bora zaidi, ila selimundu na umri mdogo vinavuta chini. Kijana wa 27 panga kwamba atarudi mezani siku moja. Hilo nalo ni sehemu ya mpango, daktari anachagua shina linaloacha mfupa wa kutosha kwa mara ya pili na hatumii kikombe kikubwa bila sababu. Ndiyo maana nasema kadi ya kiungo, yaani zile stika za saizi na namba zinazotoka kwenye boksi, mpewe nakala mkae nayo nyumbani maisha yote. Malawi wana daftari la taifa la viungo bandia tangu 2005, unajua nani kawekewa nini na lini. Wao wameweza.

Kibajaji:

Samahani kudandia uzi. Mama mkwe goti limepinda kama upinde, naye ni mpira wa chuma hivyo hivyo?

Nyundo na Patasi:

Goti muhimu ni picha ndefu, kuanzia nyonga mpaka kifundo cha mguu amesimama, kwa sababu tunataka kuona mstari wa uzito unapita wapi. Picha fupi ya goti peke yake inadanganya kama paja au muundi umepinda juu au chini yake, na wazee wengi wa kwetu muundi umepinda. Miaka mingi lengo lilikuwa kunyoosha kila mtu mstari mmoja wima. Sasa kuna kundi la madaktari wanasema si kila mtu alizaliwa amenyooka, murudishe alivyokuwa kabla hajalika, kazi hiyo ilianza kusukumwa na daktari Howell kule Marekani. Bado tunabishana, na kwa goti lililopinda sana kama unavyosema mimi ni wa kunyoosha. Kuna na vile vibao vya kukatia vinavyochapishwa kwa printa ya 3D kufuata goti lako mwenyewe, vinapendeza kuangalia, ila kwa goti la kawaida matokeo hayakutofautiana sana na vibao vya kawaida.

Mjasiri Nje Nje:

Sawa nimekubali yaishe. Ila bado jenereta sijaziamini.

Mwana wa Tandika:

Wakuu nimechapisha huu uzi nimempelekea mzee nyumbani, baba mdogo nimemtumia kwa simu amejibu "sawa" tu, kwa mnaomjua hiyo ni hotuba. Tumekubaliana siti skani ipigwe, na kabla ya kuongea mambo ya India twende kwanza kwa daktari wa damu tujue hiyo kinga ya kukataa damu kama anayo. Swali la mwisho kwa Fundi Mionzi: binamu anataka tuwatumie wale wa India picha kwa WhatsApp ili watupe makadirio. Inatosha?

Fundi Mionzi:

Kwa kujua kama ni mgonjwa wa oparesheni inatosha. Kwa saizi haitoshi hata kidogo, WhatsApp inaminya picha na ukipiga skrini kwa simu ndio kabisa, kipimo kinapotea na mpira wenyewe unakuwa umbo la yai. Dai CD yenye faili asilia za eksirei na za siti skani, ni haki yenu mmelipia, na hapo hapo kaunta waambie waifungue mbele yako uone inasoma. Nusu ya CD ninazoletewa ni tupu.